Namba 212

Funguo za kanisa la Pietrafosca anazo Zaira,
pamoja na ufagio, na tabia ya kutosikia.
"Toka kidogo," namwambia, "mashine inazunguka."
"Nimalizie hapa tu," anasema,
na anaendelea kufagia vumbi la paa
ambalo huu ni mwaka wa sita halijarudi juu.

Leza haimsubiri mtu.
Inahesabu: ukuta, nguzo, ukuta,
magogo waliyobananisha zimamoto ili tao lisidondoke,
mtakatifu asiye na pua,
nukta laki tatu kwa pumzi moja,
kila nukta na anwani yake angani.

Usiku, Bologna, nafungua wingu hilo kwenye kompyuta.
Kanisa linaelea jeupe, halina uzito,
unapenya katikati ya jiwe kama harufu.
Na Zaira yumo:
vipande saba vya Zaira,
bega hapa, sketi pale, ufagio umekatwa mara tatu,
maana anayesogea, mashine humwona kwa vipande.
Katika kazi yetu mtu wa namna hiyo huitwa kelele.
Nikamfuta.
Kipande kimoja kilinishinda, cha mkono.
Nilisema nitakifuta asubuhi.

Kisha nikaipaka sakafu rangi kwa kina chake,
nyekundu palipoinuka, buluu palipozama.
Karibu na ukuta wa kushoto ikatokea buluu ya peke yake,
duara la upana wa sinia,
milimita kumi na tisa chini ya mawe mengine.
Hakuna kaburi pale. Hakuna maji.
Evandro, mhandisi, akaandika pembeni:
*udongo umetitia. Jaza, sawazisha.*
Nikaweka alama, nikaenda kulala.

Machi, theluji ikichuruzika ndani kupitia turubai,
nikamwonyesha Zaira ile buluu kwenye tableti.
Hakuitazama sana.
Aliegemeza ufagio ukutani,
akaenda akasimama papo hapo, bila kupima,
kisigino kikaingia kama kimerudi kwenye kiatu chake,
akainua mikono yote miwili, akashika hewa,
akavuta,
akajizungusha nusu.

"Kengele," alisema.
"Ukivuta lazima uzunguke, la sivyo kamba inakunyanyua.
Baba ilimnyanyua, alikuwa mwembamba.
Kaka yangu Oreste, thubutu."
Akacheka, kisha akaacha kucheka.

Nikarudi kwenye modeli.
Nikapanda kutoka kishimoni, wima,
mita kumi na moja na robo,
na kule darini nikakuta tundu
la upana wa chungwa
nililolisajili mwenyewe, kwa mkono huu:
*uharibifu, namba 212. Ziba.*

Tundu juu, kishimo chini,
na katikati yake hakuna hata nukta moja.
Kengele ilianguka usiku ule wa tetemeko,
kamba ikazolewa pamoja na kifusi.
Wahenga walisema kamba hukatika pabovu.
Hii haikukatika.
Ilikosa tu pa kuning'inia.

Nikamwandikia Evandro:
Namba 212 isizibwe. Kishimo kisijazwe.
Usipoziba ufa utajenga ukuta, najua,
methali hiyo ndiyo inayotulisha mimi na wewe;
lakini hiki si ufa,
ni mahali pa kusimama.

Akajibu kwa mstari mmoja:
*Na kengele nani atalipia?*
Sijui. Hilo sikulipima.

Kwenye modeli sasa kuna mstari mmoja tu
ambao haukutoka kwenye leza,
wa kijivu, mwembamba,
kutoka tunduni hadi usawa wa kichwa cha mtu mrefu.
Nimeuandika jina: kamba.
Kile kipande cha mkono bado kipo faili moja nao.

Zaira aliutazama mstari ule kwa muda,
miwani ameisukuma juu ya paji.
"Umeishia juu mno," akasema.
"Oreste alipiga Jumapili.
Siku nyingine zote nilipiga mimi.
Ushushe."

Nikaushusha.